Picha Bila Cheti

Muuzaji wa jumla katika soko la Kongowea, Mombasa, haamini picha. Umechukua gunia la viazi na tenga la nyanya, umelipa kwa M-Pesa, umemwinulia simu aone ujumbe wa malipo wenye jina lake na kiasi kamili, naye hata haisogelei. "Hiyo ni yako, ndugu yangu. Mimi nangoja iingie kwangu." Hana ugomvi na mteja. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 watu walijifunza kutumiana pesa, na baada ya muda wengine wakajifunza kuandika ujumbe unaofanana na ule wa kutumiana pesa. Soko likajiwekea sheria isiyoandikwa popote: kilicho kwenye skrini ya mlipaji si malipo.

Sheria hiyo ingewafaa sana vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe walioingia katika kazi ya kujaribu tovuti, wengine wakiifanya chumbani kwao kwa ajili ya kampuni zilizo Nairobi au ng'ambo. Kilio chao nakijua. Jaribio limefeli usiku, mfumo ulitakiwa upige picha ya skrini ili kukicha watu waone palipoharibika, na kulipokucha picha ama haipo, ama ni nyeupe tupu, ama inaonyesha ukurasa safi usio na dosari yoyote. Wanaolalamika hulalamikia ile ya kwanza na ya pili. Mimi naiogopa ya tatu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: tovuti ya kukata tiketi au kulipia karo hubadilishwa na wasanidi wake kila mara, pengine mara kadhaa kwa siku, na hakuna binadamu atakayeketi kubonyeza kila kitufe upya baada ya kila badiliko. Kazi hiyo hupewa programu. Inafungua kivinjari, inaandika jina, inachagua tarehe, inabonyeza kitufe cha kulipa, kisha inatazama kama yale maneno yaliyotarajiwa yametokea. Jason Huggins alianzisha Selenium mwaka 2004 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, ajiondolee adha ya kurudia majaribio yale yale kwa mkono. Namna ya kukiamuru kivinjari ikaja kuwa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, Juni 2018, na ndani yake mna amri mbili za picha, moja ya eneo la ukurasa linaloonekana na nyingine ya kipengele kimoja tu. Mwaka 2017, kuanzia toleo la 59, Chrome iliweza kufanya kazi bila kufungua dirisha lolote. Mwaka 2020 Microsoft ikaleta Playwright, ambayo sasa vijana wengi huianza kabla hata ya kuisikia Selenium.

Hapo penye kivinjari kisicho na dirisha ndipo pananifikirisha. Tunasema picha ya skrini, lakini skrini haikuwepo. Seva iliyofanya jaribio imefungiwa katika jengo fulani la Frankfurt au Cape Town, haina kioo, haina mtu aliyeketi mbele yake. Zamani watu waliidanganya Linux kwa programu iitwayo Xvfb, inayoshika nafasi ya skrini ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Siku hizi kivinjari chenyewe kinajichorea. Kwa hiyo picha tunayoipokea haikunasa kitu kilichoonwa na jicho. Imejibu swali la kubuni: lau hapa pangekuwa na skrini, sasa hivi ingeonyesha nini? Na jibu hilo linategemea mambo ambayo mara nyingi hakuna aliyeyataja.

Chukua upana. Kivinjari kisicho na dirisha kiliwahi kuzoeleka kuanza na eneo la pikseli 800 kwa 600, umbo la kompyuta za mezani za miaka iliyopita. Playwright huanza na 1280 kwa 720. Sasa nenda Mtongwe au Shika Adabu utazame tovuti hiyo hiyo inafunguliwa na nini: simu yenye upana wa pikseli 360 hivi kwa hesabu ya kivinjari, pengine kioo kina ufa, na data ni ya kununua kidogo kidogo. Kwenye upana huo menyu hujikunja, kitufe cha kulipa husukumwa chini, na lile bango la kuomba ruhusa ya vidakuzi hukaa juu yake na kukiziba. Mama anayepiga simu kusema kitufe hakibonyezeki anasema kweli. Picha ya seva inayoonyesha kitufe kikubwa, cha kijani, kisichozibwa na chochote, nayo inasema kweli. Zinazungumzia kurasa mbili. Aliyeandika jaribio alisahau kuamua anampimia nani.

Au chukua saa. Seva nyingi huhesabu kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Mombasa kwa saa tatu. Jaribio linaloendeshwa saa saba na nusu usiku kwetu, kwenye seva bado ni 22:30 ya jana. Fomu ya tiketi ikiwa inajaza tarehe ya leo yenyewe, picha itaonyesha siku iliyokwisha kupita, jaribio litafeli, na anayelirudia baada ya kifungua kinywa ataona limefaulu. Atasema ni mashetani. Si mashetani, ni zile saa tatu za baina ya usiku wa manane na saa tisa ambazo Mombasa na seva haziko siku moja. Dawa yake ni mstari mmoja wa kukitangazia kivinjari kwamba kiko Africa/Nairobi, pamoja na kuandika jina la eneo la saa kando ya kila picha.

Kuna na jambo la herufi, ambalo huku kwetu huonekana mapema kuliko kwingine. Tovuti ya madrasa, ya duka la vitabu vya dini, ya wakala wa safari za Hija, kila moja ina Kiarabu mahali fulani. Seva nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya majaribio tu huja na fonti chache, na pale palipotakiwa kusomeka Bismillahi picha huonyesha vijisanduku vitupu vilivyopangwa safu. Msanidi anahangaika na msimbo siku nzima, na kumbe ukurasa hauna tatizo. Mchoraji ndiye hana kalamu ya herufi hizo. Fonti za Noto, zilizotolewa na Google na zisizo na malipo, zikiwekwa kwenye seva, vijisanduku huondoka.

Nimechelewesha makusudi habari ya picha zisizokuwepo kabisa, kwa sababu nyingi hazina fumbo. Folda ya kuhifadhia haipo. Ukitumia Selenium kwa Python, amri ya kuhifadhi picha ikishindwa kuandika faili haipigi kelele, inarudisha jibu la "hapana" ambalo karibu hakuna anayelisoma. Kwa Java, picha ikiombwa kama faili huwekwa mahali pa muda na kufutwa programu inapomalizika, na ni juu yako kuinakili mapema. Jina la faili likibeba saa yenye nukta mbili, kama 22:30, Windows hulikataa. Ndani ya Docker, Chrome hupewa MB 64 tu za kumbukumbu ya pamoja, hufa katikati ya ukurasa mzito, na maiti haipigi picha. Haya yote yanatafutika kwa kusoma logi kwa utulivu, jambo ambalo naona watu hulikimbia zaidi ya kazi ngumu.

Mawili ningependa kuyakalia kidogo, kwa kuwa yana kejeli ndani yake. Katika JUnit 5, zana ya majaribio ya Java, msikilizaji anayeambiwa kwamba jaribio limefeli huitwa baada ya hatua ya usafi kwisha, na hatua ya usafi ndipo wengi wanapofunga kivinjari. Mpiga picha anafika, chumba kimekwisha kufungwa. La pili ni la hatua ya kupakia. Kwenye mifumo inayoendesha majaribio yenyewe kila msimbo unapobadilika, picha huzaliwa ndani ya mashine ya muda itakayofutwa, kwa hiyo lazima ipandishwe mahali pa kudumu. Hatua hiyo huandikwa baada ya hatua ya majaribio. Majaribio yakifeli, mfumo huruka hatua zote zilizobaki, na ya kupandisha picha ikiwemo. Maana yake ni kwamba picha huhifadhiwa siku zile tu ambazo hakuna anayeihitaji. Lazima mfumo uambiwe waziwazi kwamba hatua hii ifanyike liwe liwalo.

Picha nyeupe ni habari ya subira. Anayevuka Likoni haangalii saa ili ajue wakati wa kupanda. Anatazama mlango wa feri umeshuka na kugusa zege. Feri ikichelewa kwa kuwa meli ya makontena inaingia Kilindini, anaendelea kusimama, ikiwahi, anapanda. Programu nyingi za majaribio hufanya kinyume, huhesabu sekunde tatu kisha hupiga picha, feri iwe imefika au bado iko upande wa kisiwani. Intaneti ikiwa nzuri sekunde tatu ni nyingi na unapoteza muda. Ikiwa mbaya ni chache na unapata karatasi nyeupe. Halafu mtu anaongeza zikawa kumi, na wenzake wanampongeza kwa kulitatua. Kinachotakiwa ni kungoja ishara iliyomo ndani ya ukurasa: jedwali limejaa, gurudumu la kusubiri limetoweka, kitufe kinabonyezeka. Selenium na Playwright zote zina njia ya kufanya hivyo. Kungoja kwa kuhesabu ni uvivu, na sioni sababu ya kuupa jina jingine.

Picha nyeusi ni kitu tofauti, na mara nyingine si hitilafu. Programu za Android zinaweza kuweka alama ya kuzuia picha, na za benki nyingi huiweka, ili mwizi asinase namba zako. Ukijaribu kupiga, unapata giza. Video zenye kinga ya hakimiliki nazo huwa hivyo. Hapo njia ya haki ni kuomba toleo la majaribio lisilo na alama hiyo kutoka kwa wenye programu. Nimewasikia watu wakibadilishana mbinu za kuivunja kinga yenyewe, tena kwa majivuno, na sijui wanadhani ile kinga iliwekwa kwa ajili ya nani kama si kwa ajili ya wateja wao.

Sasa ile ya tatu, ya ukurasa safi. Fikiria ukurasa wa malipo. Programu imebonyeza kitufe, seva ya malipo imekataa, na kijiujumbe chekundu kimetokea pembeni: "Namba ya simu si sahihi." Kimekaa sekunde mbili kisha kikatoweka, maana mbunifu aliona kikikaa sana kinachafua ukurasa. Jaribio halikukiona kwa sababu lilikuwa likingoja maneno ya mafanikio. Linangoja na kungoja, mpaka zinapokwisha zile sekunde 30 ambazo Playwright hulipatia jaribio lisipoambiwa vingine, na hapo ndipo linapofeli na kupiga picha. Picha inatoka safi kabisa, yenye vipimo sawa, herufi sawa, saa sawa, na inaonyesha fomu iliyotulia isiyo na kosa. Kila anayeitazama atasema seva ya malipo ilikawia. Watatafuta kasi ya mtandao wiki nzima.

Picha hiyo haikudanganya. Ilipigwa wakati jaribio lilipokata tamaa, na sisi tukaisoma kana kwamba ilipigwa wakati kitu kilipoharibika. Kati ya nyakati hizo mbili kuna nusu dakika, na ndani ya nusu dakika ukurasa wa kisasa unaweza kuzaliwa na kuzikwa mara kadhaa. Ndiyo maana naona heshima kubwa kuliko yote katika zana za siku hizi haistahili kwenda kwenye picha bali kwenye kumbukumbu ya hatua, ile inayohifadhi hali ya ukurasa kabla na baada ya kila kitendo pamoja na maombi yote yaliyokwenda kwa seva na majibu yake. Humo utaikuta ile sentensi nyekundu imekaa katika hatua yake, na jibu la kukataliwa likiwa ubavuni mwake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mbaya zaidi. Ukurasa unaandika "Malipo yamepokelewa" mara tu kitufe kinapobonyezwa, kabla jibu halijarudi, kwa kuwa msanidi alitaka uonekane mwepesi. Jaribio linaona maneno, linafaulu, linapiga picha ya kumbukumbu, na picha hiyo inabandikwa kwenye ripoti ya mteja. Ndani ya hifadhidata hakuna senti. Muuzaji wa Kongowea asingenaswa hapo. Angeuliza upande wa pili: je, imeingia? Jaribio la malipo lisilouliza hifadhidata, au angalau seva, ni kuitazama simu ya mlipaji tu, hata likipigwa picha mia.

Mahakama zetu ziliwahi kukutana na swali hili la kuamini kilicho kwenye skrini kwa njia yao. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya hakikubali chapa ya kompyuta ije peke yake. Kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyotolewa na kutaja kifaa kilichohusika, kikiwa na saini ya mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Mwaka 2014 kikaongezwa kifungu cha 78A, kinachoitaka mahakama inapoupima ushahidi wa kidijitali iangalie ulivyozalishwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuguswa. Anayekwenda Mahakama ya Shanzu na mazungumzo ya WhatsApp aliyoyapiga picha kwenye simu yake anaweza kuukuta mlango huo umesimama mbele yake. Wengine huona huo ni usumbufu wa mawakili. Mimi naona aliyeandika sheria ile alielewa kazi ya kujaribu programu kuliko baadhi yetu tunaolipwa kuifanya.

Maana cheti kama hicho ndicho kinachokosekana kwenye folda zetu. Humo mna faili mia tatu zenye majina ya namba, na hakuna inayosema ilipigwa na kivinjari gani na toleo gani, dirisha la upana gani, anwani gani ya ukurasa, toleo gani la msimbo, saa ya wapi, na baada ya hatua ipi. Kuandika hayo kando ya kila picha ni kazi ya nusu siku, mara moja tu. Timu zinazokataa kutumia nusu siku hiyo nimeziona zikitumia mikutano.

Namna nyingine ya kuzipenda picha kupita kiasi ni kuzilinganisha pikseli kwa pikseli. Wazo si baya, lakini herufi zilizochorwa na macOS hazilingani ukingoni na zilizochorwa na Linux, ndiyo sababu Playwright huandika jina la mfumo ndani ya jina la picha ya kulinganishia. Timu isiyojua hilo hupata makosa ya uongo kila siku, kisha huongeza kiwango cha kuvumilia tofauti, huongeza tena, mpaka siku kitufe cha kulipa kinapopotea kabisa na mlinganishaji anasema tofauti ni ndogo. Picha za ukurasa mzima nazo zina vituko vyao: kichwa cha ukurasa kilichogandishwa juu hujirudia katikati kila vipande vinapounganishwa, na picha za bidhaa zinazosubiri msomaji ateremke huacha mashimo. Ni ukurasa ambao hakuna mteja aliyewahi kuuona.

Na mwisho kuna watu waliomo ndani ya picha hizo. Jaribio likiendeshwa kwa data halisi, kila linapofeli linaacha kwenye seva ya ugenini picha yenye jina la mtu, namba ya kitambulisho, namba ya simu, pengine ugonjwa wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na haikumwacha nje mjaribu programu kwa kuwa eti alikuwa akitafuta hitilafu. Tumia majina ya kubuni. Pale isipowezekana, ziba sehemu hizo kabla picha haijapigwa. Playwright ina njia ya kuziba, na si ngumu.

Kwa hiyo wewe unayeongoza timu: kijana akikuletea picha nyeupe, usimwambie arudie jaribio. Kurudia huifuta hali iliyosababisha kosa, na jaribio likifaulu mara ya pili utakuwa umelipa kuficha hitilafu yako mwenyewe. Mwulize dirisha lilikuwa na upana gani, saa ya seva ilisema nini, jaribio lilikuwa likingoja nini, na seva ya tovuti yenyewe ilijibuje. Asipokuwa na majibu, mpe nusu siku akayaandike kwenye mfumo, kisha ndipo mzungumze habari ya picha.